Shule yetu kongwe inahama mjini likizo hii. Tubebe nini, tuache nini?

Mwl wa Zamu:

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa historia kwenye sekondari moja ya mji wa pwani. Jina naliweka kapuni kwa sababu bado nakula mshahara wao. Shule ni ya kabla ya uhuru na iko katikati ya mji hasa. Ukitoka getini unakutana na duka la vipuri, kushoto mitumba, kulia benki. Uwanja wa mpira tunaazima tangu sijazaliwa. Kidato cha Pili B wanasoma huku lori linashusha nondo chini ya dirisha, mpaka mwalimu wao wa Kiingereza siku hizi anaandika ubaoni kuliko anavyoongea.

Sasa bodi imeamua tuhamie nje ya mji, kama kilomita 12. Eneo kubwa, madarasa mapya, maabara tatu, uwanja wenye nyasi. Mimi na mwenzangu wa stoo tumepewa kazi ya kuhesabu mali: kipi kinakwenda, kipi kinabaki, kipi kinapigwa mnada.

Madawati hayana shida, unahesabu unapakia. Shida ni vitu ambavyo daftari la mali halina safu yake. Kengele yetu ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mwembe, na kule kuna kengele ya umeme. Huo mwembe wenyewe. Ukumbini kuna ubao mkubwa wa mninga wenye majina ya makaka wakuu na madada wakuu wote, yameandikwa kwa rangi, miaka mingine kwa mkono mzuri, mingine unaona kabisa fundi alikuwa anakimbilia gari. Kuna kitabu cha matukio ya shule ambacho kurasa za mwanzo mchwa wameshazisoma. Nilipomuuliza makamu mkuu vyote hivi niviandike wapi akasema, "Mwalimu, andika chakavu tuendelee."

Wahitimu nao wamewaka huko kwenye makundi ya WhatsApp. Wanasema shule ya asili ni pale pale, ukiihamisha umeanzisha nyingine ukaipa jina la marehemu.

Naomba uzoefu. Shule kongwe zilizowahi kuhama zilibeba nini? Na kule zilikotoka palibaki nini? Nawasilisha.

Kibao cha Chaki:

Swali moja tu kabla sijavuta kiti. Kiwanja cha mjini anakipata nani?

Mwl wa Zamu:

Tumeambiwa "uwekezaji".

Kibao cha Chaki:

Fremu za maduka hizo. Asante, nimemaliza.

Mtoro wa Mkunazini:

Assalam alaykum. Mwalimu, hapo umenigusa penyewe, mana hapa kwetu Unguja tuliwahi kuondokewa na skuli nzima.

Kiungani ilikuwa kusini ya mji, njia ya kwendea Mbweni. UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ilihamia Unguja mwaka 1864, askofu wao akiwa Tozer, na wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Huyu Myao, huyu Mmakua, huyu katokea huko Nyasa, hakuna anayejua lugha ya mwenziwe. Wakakutania kwenye Kiswahili. Madan, yule wa makamusi, alikuwa mwalimu katika misheni ile ile. Kamusi yake ya Kiingereza kwa Kiswahili ilitoka 1894, ya Kiswahili kwa Kiingereza 1903. Kwa hivyo yako maneno tunayobishania leo mitandaoni ambayo huenda mara ya mwanzo yaliandikwa kwa kumsikiliza mtoto wa Kiungani akiomba maji. Padri Cecil Majaliwa, aliyepewa daraja hiyo 1890, naye alipita hapo.

Basi mwaka 1925 skuli ikavuka bahari ikaenda Minaki, Kisarawe. Jina lake la St. Andrew's wakalibeba. Nionavyo mie sababu haina fumbo. Majahazi ya watumwa yalikuwa yameshakwisha zamani, kazi ya misheni iko bara, Magila huko na Masasi, na mtoto wa Masasi kumpandisha chombo aje Unguja kusoma, kisha umrejeshe kwao akasomeshe, ni mzunguko wa bure. Skuli iliwafuata watoto.

Lakini sikiliza lilivyolipiwa. Serikali ilipochukua skuli za misheni na za watu binafsi mwaka 1970, jina la mtakatifu likawekwa pembeni, likabaki la kijiji. Leo kila mtu anaijua Minaki. Kiungani, muulize kijana wa leo, atakuuliza wewe ni wapi.

Kibao cha Chaki:

Nimerudi. Mkuu, hilo la "skuli iliwafuata watoto" liwekee alama, tutalihitaji mbele.

Njia ya Garissa:

Nawasalimu kutoka upande huu wa Namanga. Mwalimu, wewe unalia kwa kuhama mara moja. Mang'u imehama mara mbili na bado inatusumbua kwenye matokeo.

Ilianzishwa Kabaa, Ukambani, mwaka 1925, na Padri Michael Witte wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kufika 1940 ilikuwa imeshahamia Mang'u, nyanda za juu huko kwa Wakikuyu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikashuka tena, ikaja hapa ilipo karibu na Thika, kando ya barabara ya Garissa. Sasa angalia kichekesho: kijiji kinaitwa Mang'u, shule inaitwa Mang'u, na shule haiko Mang'u. Mgeni akiambiwa aende Mang'u High na akaamini jina, atapanda matatu mpaka kijijini halafu ateremshwe tena Thika.

Na wale wakubwa tunaojivunia: Mwai Kibaki alisoma kuanzia 1947 hadi 1950, kwa hiyo alisoma kule kijijini. Hizi bweni za sasa hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Tom Mboya yeye aliguswa na vituo viwili, Kabaa akiwa mdogo, halafu Mang'u baada ya kupitia Yala. Hakuna anayesema hao si wa Mang'u kwa sababu kuta ni tofauti.

Kilichohama ni maneno mawili: Jishinde Ushinde. Kijana wa kidato cha kwanza anayakuta kwenye beji kabla hajajua choo kiko wapi. Hayana uzito, hayahitaji lori.

Mkamba Halisi:

@Njia ya Garissa, umeruka kipande kwa makusudi. Kabaa haikufa. Kabaa High School iko, Mwala, Kaunti ya Machakos, na sisi pia tunahesabu kutoka 1925. Nyinyi mlibeba jina la chuo na sifa, sisi tukabaki na mahali penyewe. Sasa mwaka wa kuzaliwa ni wa nani? Mtoto aliyehama nyumbani ndiye anakuwa mkubwa kuliko nyumba?

Njia ya Garissa:

Ndugu yangu, mwaka tugawane. Matokeo ya KCSE ndiyo hatugawani.

Mkamba Halisi:

Nilijua utaishia hapo.

Kandambili:

Hata Chuo Kikuu cha Dar wakuu. Oktoba 1961 kilianza na darasa dogo la sheria kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Mlimani walipanda 1964. Leo ukipita Lumumba unaona ofisi ndogo ya CCM, na nani anakumbuka pale pamefundishwa sheria za mikataba. Nimepita tu, naelekea kazini.

Msukuma wa Sussex:

Habari za huko. Mimi nalea wazee huku Uingereza, karibu na mji unaitwa Horsham. Siku ya kwanza nimefika nikaona kituoni vijana wamevaa makoti marefu ya buluu mpaka chini ya magoti, soksi za njano. Nikajua ni maigizo ya kanisani. Mzee ninayemhudumia akacheka mpaka akakohoa. Ni sare ya shule.

Shule ni Christ's Hospital. Ilianzishwa London mwaka 1552, enzi za Mfalme Edward VI, kwa ajili ya watoto maskini wa mjini. Ilikaa London zaidi ya miaka 300, halafu 1902 ikahamishiwa huku shamba. Pale mjini sehemu ya kiwanja ikaenda kwa Posta na nyingine kwa hospitali jirani. Kwa hiyo @Kibao cha Chaki, fremu za Kizungu nazo zipo.

Ila walibeba. Walibomoa baadhi ya matao ya mawe wakaja kuyasimamisha upya huku. Sare haikuguswa. Na kila Septemba wanafunzi wanarudi London, wanaandamana mjini kwa bendi. Mwalimu, kama wao walibeba tao la mawe, wewe unashindwa kipande cha reli?

Kibao cha Chaki:

Soksi za njano na jua la pwani yetu, hapana. Mengine nakubali.

Mama Wawili:

Jamani nimesoma uzi mzima kimya kimya, sasa niseme.

Mwanangu wa kwanza yuko hiyo shule. Nimeijua kwa ile kengele ya reli, siulizi jina. Sisi tunakaa nyuma ya soko. Mtoto anaondoka saa moja kasoro kwa miguu, saa moja yuko darasani. Mchana anapitia kibandani kwangu anakula, anarudi kwenye masomo ya jioni. Na nyie mnanitajia Kiungani, mnanitajia Mang'u, mnanitajia hao wa soksi za njano. Zote hizo ni shule za bweni! Shule ya bweni inahama na wanafunzi wake, inawabeba na magodoro yao. Shule ya kutwa ikihama, watoto inawaacha pale pale.

Mtoro kasema Kiungani iliwafuata watoto. Nyie mnawakimbia. Kilomita 12 kwa daladala ni magari mawili, na konda akiona sare anafunga mlango. Wa kike ndiyo kabisa, saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani na giza. Mwalimu unauliza reli ibebwe au isibebwe. Mimi nauliza wangu atabebwa na nani.

Mwl wa Zamu:

Mama, shikamoo. Sina jibu la kukupa hapa jukwaani. Nitalifikisha.

Mama Wawili:

Marahaba. Ulifikishe kwa maandishi.

Kandambili:

Uzi umepata mwenyewe.

Njia ya Garissa:

Huyu mama amenifunga mdomo, na ni kweli. Lakini kuna mfano wa kutwa, au karibu na kutwa. Nairobi kulikuwa na shule ya Wazungu pale kilimani, njia ya Ikulu. Mwaka 1931 wavulana wakubwa walihamishiwa Kabete kwenye majengo yaliyochorwa na Herbert Baker, wakaitwa Prince of Wales, leo ndiyo Nairobi School. Wasichana nao baadaye wakaondoka, ndiyo Kenya High ya Kileleshwa. Ila pale pa zamani hapakufungwa. Palibaki watoto wadogo, na mpaka leo kuna Nairobi Primary. Shule moja ikazaa tatu, na kiwanja kikabaki na kengele. Bodi yenu wangeweza kuwaacha kidato cha kwanza na cha pili mjini, wakapanda wale wenye nguvu za kugombania gari.

Sisemi ilikuwa shule ya haki, ilikuwa ya ubaguzi wa rangi mwanzo mwisho. Nasema tu kwenye hili la kuhama hawakung'oa mti wote.

Babu Kaptula:

Wajukuu, mimi huwa nasoma tu, siandiki, macho hayaruhusu. Leo kijana wangu ananiandikia, mimi nasema.

Hiyo shule nimesoma. Nami nimeijua kwa reli. Hao wanaosema "shule ya asili" wananichekesha. Sisi tulipoingia pale rangi ilikuwa bado inanuka. Darasa la kwanza la shule hiyo lilikaa kwenye ghala la mfanyabiashara kule bandarini, juu stoo ya kopra, chini watoto, na harufu ya nazi mpaka kwenye madaftari. Hapo mnapolilia leo sisi tulipaita Shule Mpya. Mama yangu mzazi mpaka anafariki alikuwa akisema, "Kaenda Shule Mpya." Na reli hiyo hatukuikuta pale. Tuliibeba kutoka bandarini, tukipokezana kwa zamu, na mimi begani ninayo alama.

Bingwa wa Ligi:

Chai hii. Mzee alama ya begani ya reli toka miaka hiyo? Shule ina mwaka wake getini, imeandikwa, hakuna habari ya ghala.

Babu Kaptula:

Getini wameandika mwaka wa jengo, mjukuu. Aliyepaka rangi aliulizia jengo.

Mwl wa Zamu:

Mzee, shikamoo. @Bingwa wa Ligi, taratibu.

Wakuu, leo tumeng'oa ubao wa mninga. Nilikataa kuandika chakavu. Niliandika "ubao wa majina, 1, unakwenda" na makamu akasaini bila kusoma. Fundi alikuja na bisibisi ikashindwa, skrubu zimekula kutu mpaka vichwa vimekuwa laini, ikabidi atumie msumeno wa chuma. Ulipotoka ukaja na plasta.

Nyuma yake ukuta haujawahi kupakwa rangi tangu ujengwe. Uko kijivu, safi kabisa, na pembeni kuna hesabu za fundi kwa penseli, zile za kujumlisha mifuko ya saruji, kafuta na kuandika tena. Juu yake kaandika kwa herufi kubwa: SHULE MPYA, UKUTA WA 3.

Nimekaa chini kwenye sakafu. Fundi ananiuliza mwalimu vipi, presha?

Bingwa wa Ligi:

Nafuta kauli. Mzee samahani.

Babu Kaptula:

Hujakosea kuuliza. Watu wa siku hizi wanadanganya sana.

Mtoro wa Mkunazini:

Mwalimu, upige picha huo ukuta kabla wa fremu hawajafika. Kisha uandike kwenye hicho kitabu cha matukio, kwa wino. Kuwa palikuwa na ghala, na mzee kasema.

Mwl wa Zamu:

Nimeshapiga. Na kurasa za mwanzo alizokula mchwa, nadhani ghala lilikuwa humo.

*(wiki tano baadaye)*

Kibao cha Chaki:

Mleta uzi, ulipotelea wapi? Mrejesho.

Mwl wa Zamu:

Samahani wakuu, kuhama si mchezo. Mrejesho huu hapa.

Tulihama kwa malori manne, siku mbili. Wathibiti ubora walikuja kukagua, wakatupitisha, ila wakataka vyoo vya wasichana viongezwe. Madarasa ni mazuri, siwezi kuwadanganya. Siku ya kwanza nimefundisha Vita vya Maji Maji bila kupaza sauti, na wanafunzi wa nyuma wananitazama kama vile leo nimekuja na hasira za chini kwa chini. Hawajazoea kunisikia.

Reli ilikuja. Mwembe hatuna kule, miti ndiyo kwanza imepandwa, inafika magotini. Tumeining'iniza kwenye nguzo ya goli la zamani iliyochomekwa ardhini, na inapigwa asubuhi tu. Vipindi vinaendeshwa na ile ya umeme, ambayo umeme ukikatika inanyamaza na reli inarudi kazini.

@Mama Wawili, barua yako niliipeleka, na nyingine za wazazi wenzako zilifuata, mpaka bodi ikaitisha kikao. Wazo la kuacha vidato vya chini mjini lilikataliwa, mwekezaji anataka kiwanja chote. Limepatikana basi moja la shule. Moja. Linafanya mizunguko miwili. Wanafunzi kumi na tisa wa kule nyuma ya soko hawajaripoti. Majina yao yako kwenye rejista, kila asubuhi nayaita.

Mama Wawili:

Wangu ni mmoja wa hao. Nimempeleka shule ya kata, iko dakika ishirini kwa miguu. Akipata nafasi basi la pili tutaona. Nashukuru kwa kuita jina lake.

Mwl wa Zamu:

Na basi la pili bado nalidai kwa maandishi, mama. Sijaacha.

Kandambili:

Na daladala kule vipi, zinafika?

Mwl wa Zamu:

Zimeanza. Nauli ya mwanafunzi 200, na konda anaguna kama kawaida. Kituo hakina kibao bado, ila wao wenyewe wameshakipa jina. Jana niko kwenye gari natoka mjini, konda ananing'inia mlangoni anaita: "Shule Mpya, Shule Mpya, washukaji wa Shule Mpya!"

Babu Kaptula:

Nataka kuuona huo ubao, jina langu lipo mstari wa tatu. Ngazi kule nyingi? Magoti haya.

Mwl wa Zamu:

Hakuna ghorofa mzee, yote chini. Njoo Jumamosi, fundi atakuwa anaupigilia. Safari hii tumenunua skrubu zisizoshika kutu.